Neti yenye dawa mbili: miezi kumi na minane kitandani kwangu

Mama yangu ndiye aliyenifanya niandike haya. Anakaa kijijini, nusu saa kwa bodaboda kutoka hapa Ngudu, wilayani Kwimba, na nyumba yake imepakana na majaruba ya mpunga. Mvua za mwaka juzi nililala kwake siku nne. Alfajiri moja niliamka, nikawasha tochi ya simu nitafute khanga, nikaona mbu wanne wametulia kwenye ukuta wa neti kwa nje. Neti yenyewe ni ile ya kugawiwa, yenye dawa. Nikaisukuma kwa kidole. Mmoja akaruka, akasogea kama inchi mbili, akatua tena palepale.

"Mayu, hii neti haina dawa," nikamwambia.

"Dawa ipo, mwanangu. Mbu ndio wameizoea."

Mama hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini alichosema ndicho wataalamu wanachokiita usugu. Tangu siku ile nimetumia na kushika kwa mikono yangu aina tatu za neti, na nataka kuzieleza, hasa hii ya tatu, kwa sababu mtaani kwetu watu wanaitupa bila haki.

Kwanza mjue naongea kama nani. Mimi ni fundi cherehani. Nina mashine ya miguu kwenye baraza la duka la vitambaa sokoni. Nashona sare za shule, magauni ya vitenge, na msimu wa mvua naziba neti. Wiki nyingine naletewa nane au kumi. Kwa hiyo neti siioni ikiwa kwenye mfuko tu siku ya kugawiwa. Naiona baada ya mwaka, ikiwa na masizi ya kibatari na meno ya panya.

Aina ya kwanza ndiyo hiyo ya mama, yenye dawa ya aina moja. Dawa hizi zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, na wanaziita pairethroidi. Kuna wakati ziliua kweli. Wenye umri wangu mnakumbuka neti za kuchovya: unanunua neti, unanunua na kipakiti cha dawa ya Ngao, unakoroga kwenye beseni, unachovya, unaianika kivulini. Mimba yangu ya kwanza, mwaka 2008, nilipewa Hati Punguzo kliniki, nikaongeza hela kidogo dukani nikatoka na neti. Asubuhi ulikuwa unafagia mbu chini ya kitanda. Wala hilo si hadithi ya bibi peke yake: wanasayansi walipopiga hesabu ya Afrika nzima kati ya mwaka 2000 na 2015, walikuta karibu wagonjwa milioni 663 wa malaria wameepukika, na asilimia 68 ya hao waliokolewa na neti zenye dawa.

Sasa mbu anatua juu yake anapumzika. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, aliwahi kufanya kibarua cha kukamata mbu kwa mitego ya taa kwenye utafiti, na yeye ndiye aliyenifungulia macho. Mbu sugu, alisema, ana njia zaidi ya moja. Kuna ambaye pale dawa inapotakiwa kushika kwenye mishipa yake ya fahamu pamebadilika umbo, dawa inateleza. Kuna ambaye mwili wake unatoa vimeng'enya kwa wingi, vinaivunja ile sumu kabla haijafika popote. Kuna hata mwenye ngozi iliyokuwa nene. Na anayepona ndiye anayetaga mayai, kwa hiyo kila mwaka watoto wa waliopona wanazidi kuwa wengi.

Nikamuuliza walijifunzia wapi. Akanionyesha shamba la pamba la mama. Sikulipenda jibu hilo, maana pamba ndiyo iliyonisomesha. Lakini ni kweli: dawa nyingi tunazopulizia kwenye pamba kwa bomba la mgongoni ni za ukoo uleule wa dawa ya neti. Mvua inazisukuma mpaka kwenye maji ya majaruba, na viluwiluwi vya mbu vinakua humo. Na neti zenyewe, tulizolala chini yake kwa miaka zaidi ya ishirini zikiwa na dawa ya ukoo mmoja, nazo zimewachuja. Sijui kama tungeweza kufanya vingine. Pamba isipopulizwa funza wanaimaliza, na neti isipowekwa dawa mtoto anaugua.

Neti ya kwanza siwezi kuisifia kwa dawa yake, huku kwetu. Ila msiichome moto. Ikiwa nzima bado ni ukuta kati yako na mbu, na mtu aliyelala ndani ya ukuta ni tofauti na aliyelala wazi. Wajukuu wa mama wanaitumia mpaka leo chumba cha pili.

Aina ya pili ni ya mdogo wangu, anayeishi Muleba, Kagera. Lebo yake inaonyesha pairethroidi pamoja na kitu kinaitwa PBO. PBO peke yake haimuui mbu. Kazi yake ni kuvifunga mikono vile vimeng'enya vinavyovunja sumu, ili dawa ya zamani ifanye kazi yake. Hukohuko Muleba ndiko ilikofanyiwa jaribio kubwa, na matokeo yake yalichangia Shirika la Afya Duniani kuziruhusu neti za namna hii mwaka 2017. Ya mdogo wangu kitambaa chake ni cha nyuzi za plastiki, kigumu kidogo mkononi, matundu mapana, hewa inapita vizuri. Kwa joto mimi ningeichagua hiyo. Mshono wake wa pembeni haujafumuka. Kinachonikera ni kwamba ile PBO haidumu. Kwenye utafiti wa Misungwi, ambao nitauzungumzia sasa hivi, ilisaidia mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ikafifia mpaka ikakaribiana na neti ya kawaida.

Sasa ya tatu. Niliipata nilipompeleka mtoto wangu wa mwisho chanjo ya surua ya miezi tisa. Miezi miwili baadaye ugawaji wa kaya ukafika kijijini kwa mama, naye akapata yenye lebo hiyohiyo. Rangi nyeupe, poliesta laini, inakunjika kama shela. Lebo, ambayo ni ndogo na imeandikwa Kiingereza kitupu, inataja dawa mbili: alfa-sipemethrini, ambayo ni ya ukoo ule wa pareto, na klorfenapiri, ambayo ni ya ukoo mwingine kabisa.

Usiku wa kwanza uliniumiza. Niliitoa kwenye mfuko nikaitundika saa hiyohiyo, na saa sita usiku mtoto anajikuna uso analia, na mimi mashavu yanawaka kama nimepakwa pilipili. Pale tulipopewa hakuna aliyetuambia kwamba neti mpya inatundikwa kivulini siku nzima, saa 24, ndipo ilaliwe. Niliitoa, nikaitundika uani chini ya mwembe mpaka kesho yake jioni, na tangu hapo hakuna aliyejikuna. Najua kaya mbili mtaani kwetu ambazo usiku huo wa kwanza ndio ulikuwa wa mwisho. Moja neti imezungushiwa vifaranga, nyingine inalinda mchicha. Sentensi moja tu ingeziokoa neti hizo mbili.

Lawama ya pili ya majirani ndiyo iliyonisumbua zaidi. Wanasema ni feki. Wanasema mbu anatua, anakaa, anaondoka anaruka kama alivyokuja, na asubuhi chini ya kitanda hakuna kitu. Na ni kweli, kwa macho ndivyo inavyoonekana! Hata mimi wiki ya pili nilianza kuamini. Binamu ndiye aliyeniambia, "Dada, usihukumu asubuhi. Subiri siku tatu."

Basi nikasubiri kwa njia yangu. Nilikwenda kwa mama, ambako neti mbili, ya zamani na ya dawa mbili, zimetundikwa vyumba viwili vya nyumba moja. Alfajiri nilichukua glasi na kipande cha karatasi ngumu. Unamfunika mbu na glasi pale alipotua kwenye neti, unapitisha karatasi taratibu chini yake, unamhamishia kwenye chupa. Kutoka neti ya zamani nilipata sita, kutoka neti mpya tisa. Binamu alikuwa amenifundisha kumtambua mbu wa malaria anavyokaa: kichwa chini, mkia juu, kama anataka kupiga mbizi ukutani, wakati wale wengine wanakaa mgongo umelala sambamba na ukuta. Niliwachagua hao wa mkia juu. Chupa mbili za jamu, nimezifunika kwa kitambaa cha shela kisicho na dawa yoyote, juu nimeweka pamba iliyoloweshwa maji ya sukari ili wasife kwa njaa, nikaziweka kabatini penye giza.

Mchana wa siku ya kwanza chupa zote mbili zilikuwa na mbu wanaoruka. Majirani wangesema, si tulikwambia. Asubuhi ya pili, kwenye chupa ya neti mpya, wanne walikuwa wamelala chali, na waliobaki hawaruki tena. Wanatembea chini ya chupa, miguu inajikokota. Nilitikisa chupa, mmoja akajaribu kupaa, akadondoka. Asubuhi ya tatu alikuwa amebaki mmoja kati ya tisa. Chupa ya neti ya zamani walikufa wawili kati ya sita, wanne wako juu kwenye shela wananiangalia.

Najua chupa za jamu si maabara. Lakini zinakubaliana na maelezo. Klorfenapiri haishambulii mishipa ya fahamu, ndiyo maana haimwangushi papo hapo. Inaingia kwenye chembe za mwili wake na kuzuia zisitengeneze nguvu, anazimika kidogokidogo kama simu ambayo chaji inaisha na haikubali kuchajiwa. Na kuna jambo lililonifanya nicheke kwa furaha nilipolielewa: klorfenapiri ikiingia mwilini haina makali hadi ivunjwe, na vinavyoivunja ni vilevile vimeng'enya ambavyo mbu sugu anajivunia. Silaha aliyoitumia kuishinda dawa ya zamani ndiyo inayoamsha hii mpya. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na siku tatu zinatosha. Hili ndilo ningependa kila mama pale kliniki aambiwe. Mbu akimuuma mgonjwa leo, hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea vinahitaji kukua ndani yake kwanza, siku kumi hadi kumi na nne hivi kwa joto la kwetu. Mbu aliyemuuma mgonjwa na kugusa neti Jumatatu hiyohiyo, akafa Alhamisi, hajafikia umri wa kuambukiza. Hukumwona akidondoka, lakini mtoto wa jirani ameepuka homa.

Misungwi ni wilaya jirani na sisi, tunapakana. Januari 2019 zilitolewa huko aina nne za neti, kila kundi la vijiji na aina yake: ya dawa moja, ya PBO, ya dawa mbili hii ninayoisifia, na nyingine yenye pairiproksifeni, inayomharibia mbu uzazi. Waliofanya kazi hiyo ni NIMR ya Mwanza, yaani taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, chuo cha tiba cha KCMC Moshi, na wenzao wa London. Baada ya miaka miwili walipima watoto. Kwenye neti ya dawa moja, watoto karibu 46 katika kila 100 walikuwa na vimelea vya malaria. PBO, karibu 41. Pairiproksifeni, karibu 38. Neti ya klorfenapiri, karibu 26. Matokeo yalichapishwa 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza rasmi neti hii badala ya ile ya dawa moja, sehemu zenye mbu sugu. Watoto wa Misungwi, wa kwetu hawa wanaokula michembe na kuchunga mbuzi, ndio walioipa dunia jibu hilo. Mimi najivunia.

Kwangu nyumbani: mvua za kabla ya neti hii, watoto wangu wawili wadogo walipimwa wakakutwa na malaria mara tatu jumla, wakanywa dawa ya mseto. Mvua zilizofuata ni mara moja tu, na hiyo ilikuja baada ya kulala siku tano msibani bila neti.

Ila sasa niseme kama fundi. Neti inayoua polepole ina sharti moja kubwa: isiwe na tundu. Dawa ya zamani, ilipokuwa na nguvu, hata mbu akiona tundu alikuwa anafukuzwa au anaanguka kabla hajaingia. Huyu wa leo haogopi. Akipata tundu la kupitisha kidole anaingia, anakuuma, anakufa keshokutwa. Amekufa, sawa, lakini umeumwa. Na poliesta laini ina uungwana wake na udhaifu wake: haikwaruzi ngozi, inafuliwa kirahisi, lakini ikinasa kwenye msumari wa chaga inafumuka mstari mzima. Neti ninazoletewa huharibikia zaidi upande wa chini, pale inapochomekewa chini ya godoro kila usiku na kusuguana na mbao. Hata Misungwi, kabla miaka mitatu haijaisha neti nyingi zilikuwa zimechakaa au zimeachwa.

Kuziba si kazi ngumu. Tundu dogo lishone kwa mkono, uzi mwembamba wa poliesta, sindano namba ndogo, ukikusanya kingo bila kuvuta. Tundu kubwa litie kiraka kutoka kwenye neti nyingine iliyokufa, ya kitambaa cha aina moja. Ukitia kiraka cha plastiki ngumu kwenye poliesta laini, kiraka kitaishi na neti itachanika pembeni yake. Ukitumia mashine, neti huwa inavutwa na meno ya mashine na kujikunja. Weka karatasi ya gazeti chini ya neti, shona vyote pamoja, kisha chana gazeti taratibu. Mshono utabaki umenyooka. Mimi kwa tundu dogo natoza shilingi 500, kiraka 1,000. Wenye watoto wachanga siwatozi.

Kufua, tumieni sabuni ya mche na maji ya baridi, msisugue kama jinzi, na anikeni kivulini kwa sababu jua linakula dawa. Wataalamu huijaribu kwa kufua mara ishirini, kwa hiyo anayefua kila wiki anaimaliza ndani ya nusu mwaka. Na maji yake msimwage mtoni wala bwawani. Dawa hizi zinaua samaki.

Malalamiko yangu mengine. Kitanda changu ni futi tano kwa sita, na upana wa neti unanilazimu kulala nimejikunyata ili mgongo usiguse ukuta wake. Vitanzi vinne vya juu ni vyembamba. Mimi nilivishonea utepe kabla ya kutundika. Na kubwa kuliko yote, huwezi kuinunua. Nimezunguka maduka yote ya Ngudu na siku moja nikaenda mpaka Mwanza mjini. Kuna neti nzuri za mviringo za shilingi 15,000 mpaka 25,000, za maua, za pinki, muuzaji anasema "zina dawa" na hakuna lebo. Nimezishika: ni kitambaa kitupu. Hii yenye dawa mbili nimeikuta kwenye ugawaji na kliniki tu. Mtu mwenye hela yake, asiye na mjamzito wala mtoto wa chanjo, aipate wapi?

Naipa nne kati ya tano. Ile moja nimeipunguza kwa sababu ya lebo isiyosomeka na watu na kwa sababu haipo madukani. Dawa yenyewe ningeipa zote.

Neti ya mama imefikisha mwaka na miezi minne. Jumapili iliyopita nilikwenda, nikaifungua, nikaitandaza juani kidogo tu niione matundu kwa mwanga. Matano, yote upande wa miguuni, mawili ya panya. Mama alishika pembe moja, mimi nikashona nimekaa kwenye kigoda, na kabla ya mbu wa majaruba hawajaanza kuimba tulikuwa tumeshaitundika.